Masta ya utawala wa umma ukiwa Kigoma: mwongozo kamili kuanzia ruhusa ya mwajiri hadi kukabidhi tasnifu

Mitihani ya darasani si mlima mkubwa katika shahada ya uzamili ya utawala wa umma, ile ambayo maofisini inaitwa MPA au masta kwa mkato. Watu hukwama sehemu mbili: mwanzoni, kwenye karatasi za mwajiri, na mwishoni, kwenye tasnifu. Mtu wa Kigoma ana la tatu, umbali, lakini umbali unapangika ukiuhesabu mapema. Mwongozo huu unamlenga zaidi mtumishi wa halmashauri (mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii, mwalimu, muuguzi, mhasibu) aliyepo Kasulu, Kibondo, Uvinza au Ujiji, na pia mhitimu ambaye hajaajiriwa. Aliyepo Tabora ataufuata vilevile, na pale mambo yanapotofautiana tumesema.

Kwanza jua shahada hii itakufanyia nini

Kila kada serikalini ina muundo wake wa maendeleo ya utumishi. Huo ndio unaosema mtu anaingia na cheti gani, anakaa miaka mingapi kwenye cheo, na anapanda kwa sifa zipi. Nenda kwa Afisa Utumishi wako, omba kuuona muundo wa kada yako, na usome mwenyewe sehemu tatu: sifa za kuingilia, masharti ya kupanda, na sifa za vyeo vya juu. Usiridhike na kuambiwa kwa mdomo kwamba "masta inasaidia".

Kwa sababu ukweli ni kwamba masta haipandishi mshahara yenyewe kwa yenyewe. Afisa aliyeajiriwa kwa shahada ya kwanza akaanzia ngazi ya mshahara ya TGS D hahami ngazi kwa kuwa amerudi na joho. Anapanda kwa muda wa utumishi, utendaji uliopimwa, na nafasi iliyomo kwenye ikama (idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) na bajeti. Shahada ya uzamili inafanya kazi pale muundo unapoitaja, na pale ukuu wa idara au nafasi nyingine ya madaraka inapogombewa na watu wanaolingana kwa mengine yote.

Mwalimu aangalie mara mbili. Yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na kutoka ualimu kwenda uafisa utumishi au uafisa tawala ni kubadilishwa kada. Hilo linataka nafasi iwe wazi kwenye ikama, mwajiri akubali, na kibali kitoke juu. Hata likifanikiwa, anaweza kujikuta anaanzia cheo cha chini cha kada mpya. Tena matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi za kuingilia yanataja shahada ya kwanza ya fani fulani. Mtu mwenye shahada ya kwanza ya kilimo na MPA juu yake anaweza kuenguliwa kwenye mchujo, wakati mwenye shahada ya kwanza ya utawala bila masta anaitwa kwenye usaili. Ikiwa lengo lako ni kuhama kada tu, pata jibu la maandishi kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu.

Kwa anayelenga mashirika yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo kwenye huduma za wakimbizi hesabu ni nyingine. Huko uzoefu wa kazi hutazamwa kwanza, na masta huja kama nyongeza.

Kuchagua chuo kwa kuangalia ramani

Chuo Kikuu Mzumbe ndicho chenye mizizi mirefu kwenye fani hii. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watendaji wa serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, kisha chuo kikuu kwa sheria ya mwaka 2001. Kampasi kuu iko nje kidogo ya mji wa Morogoro, barabara ya Iringa, na kuna kampasi Dar es Salaam na Mbeya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaendesha programu yake kupitia Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kinafundisha fani hii, na kwa mtu wa Kigoma au Tabora ndicho kilicho karibu zaidi kati ya hivi vitatu.

Ukitaka kubaki nyumbani kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo vya mkoa Kigoma na Tabora. Kina shahada za uzamili za fani jirani, kama usimamizi wa rasilimali watu na utawala na uongozi. Soma jina la programu jinsi litakavyoandikwa kwenye cheti, ulilinganishe na muundo wa kada yako. Usije ukasoma miaka miwili ukatoka na jina la shahada ambalo Afisa Utumishi hajui aliweke wapi.

Tabora kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Hiyo inajulikana zaidi kwa kozi za ngazi za chini, kama uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Anayetafuta masta asiingie hapo kwa kufuata jina la chuo.

Kuhusu mtindo wa masomo, kuna mtego mmoja: programu za jioni na za wikendi. Kwenye tangazo zinavutia, lakini zimepangwa kwa mtu anayetoka ofisini Posta, Dar es Salaam, saa tisa na nusu akafika darasani saa kumi na moja. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hakuna wikendi inayotosha. Anayebaki kituo chake cha kazi achague moja kati ya haya: masomo ya mbali, au programu yenye vipindi vya ana kwa ana vilivyokusanywa kwenye wiki chache za mfululizo, ambazo anaweza kuzifidia kwa likizo yake ya mwaka. Piga simu kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili ya chuo, uulize wiki hizo ni ngapi kwa muhula, zinaangukia miezi gani, na mitihani inafanyikia wapi. Jibu la mitihani ndilo litakalokuambia gharama halisi ya nauli.

Anayekwenda Mzumbe kutoka Kigoma au Tabora anaweza kupanda treni ya kawaida hadi Dodoma akaunganisha SGR hadi Morogoro. Safari za SGR za Dodoma zilianza mwaka 2024. Acha siku moja nzima ya ziada kabla ya mtihani. Masika yakikolea, ratiba ya reli ya zamani si ya kuapia.

Sifa na nyaraka

Kwenye mfumo wa vyuo vikuu nchini, shahada ya uzamili iko ngazi ya 9. Vyuo vingi vinataka shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 kwenye kipimo cha 5, yaani daraja la pili la chini. Mwenye 2.0 hadi 2.6 hajafungiwa mlango moja kwa moja: vyuo kadhaa humpokea kupitia stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja, au humtaka aonyeshe uzoefu wa kazi. Fani ya shahada ya kwanza si lazima iwe utawala.

Andaa hivi, kila kimoja kwenye faili lake la PDF linalosomeka vizuri: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada, cheti cha shahada, transkripti kamili, wasifu wa kurasa mbili, picha ya pasipoti, namba ya NIDA, na majina ya wadhamini wawili wa kitaaluma au kikazi. Baadhi ya vyuo huomba pia andiko fupi la wazo la utafiti, kurasa mbili hadi tano. Ada ya maombi hulipwa kwa kontroli namba inayotolewa na mfumo wa chuo. Usimtumie mtu yeyote fedha kwenye namba yake ya simu hata akijiita wa udahili.

Mambo matatu ndiyo yanayochelewesha maombi kila msimu.

La kwanza ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Juma Hamisi, shahada inasema Juma H. Ntahondi. Kama tofauti ni ya herufi au mpangilio, hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu mara nyingi inatosha. Kama jina limebadilika kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haipatikani kwa wiki moja.

La pili ni vyeti vya nje. Kigoma ina watu wengi waliosoma Burundi, Kongo au Uganda. Shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na cheti cha sekondari cha nje kinapelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa. Kama nyaraka ziko kwa Kifaransa, zitafsiriwe rasmi kwanza. BAKITA wanatoa huduma hiyo. Anza shughuli hii miezi minne kabla ya dirisha la maombi.

La tatu ni wadhamini wa kitaaluma. Mhadhiri aliyekufundisha miaka minane iliyopita hakukumbuki. Mwandikie kabla ya kuweka jina lake kwenye fomu, umtumie transkripti yako, mada ya utafiti uliyofanya mwaka wa mwisho, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Mdhamini asiyejibu barua pepe ya chuo anaacha ombi lako likining'inia huku wewe ukidhani limekamilika.

Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, na vyuo vingine vina mkupuo wa pili. Ingia kwenye mfumo mapema, kwa kuwa dakika za mwisho mtandao wa Kigoma na mfumo wa chuo huelemewa pamoja.

Ruhusa ya masomo

Mtumishi ambaye hajathibitishwa kazini asihangaike kuandika barua. Kipindi cha majaribio ni miezi 12, na ombi la masomo marefu kabla ya hapo hurudi na wino mwekundu. Aliyethibitishwa anatakiwa kwanza awemo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mpango huo huandaliwa pamoja na bajeti, kwa hiyo anayetaka kuondoka Oktoba awe amepeleka jina kwa Afisa Utumishi mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Wengi hupeleka barua Agosti, wakiwa na barua ya udahili mkononi, halafu wanashangaa kuambiwa bajeti imeshafungwa.

Barua yenyewe ipite ngazi zake. Mfano wa mtendaji wa kata:

"Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza. Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu. YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA MASOMO YA SHAHADA YA UZAMILI YA UTAWALA WA UMMA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtumishi mwenye namba ya hundi ... niliyeajiriwa tarehe ... na kuthibitishwa kazini tarehe ... Ninaomba ruhusa ya kujiunga na masomo kwa muda wa miezi ... kuanzia ... katika Chuo Kikuu ... kwa kujigharamia mwenyewe. Mafunzo haya yamo katika mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha ... Nimeambatisha barua ya udahili, barua ya kuthibitishwa kazini na muundo wa ada."

Maneno "kwa kujigharamia mwenyewe" yana uzito. Yanaondoa hofu ya mwajiri kuhusu ada, na ombi hutembea haraka zaidi. Ukitaka mwajiri achangie, sema unaomba nini hasa: ada yote, nusu, au nauli tu. Barua inayoomba "msaada" bila kutaja kiasi hukaa kwenye trei.

Usiondoke kabla ya kuwa na ruhusa ya maandishi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa kunatosha kukufikisha kwenye mashtaka ya nidhamu na hata kufukuzwa, na kauli ya "mkuu wangu alijua" haimsaidii mtu mbele ya kamati. Ukisaini mkataba wa mafunzo, soma kifungu cha miaka unayotakiwa kutumikia baada ya kurudi. Anayekivunja hudaiwa gharama.

Anayesoma kwa masomo ya mbali naye amjulishe mwajiri kwa maandishi. Siku ya mtihani ikigongana na ziara ya kiongozi wilayani, barua hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Fedha

Usitegemee Bodi ya Mikopo. Mikopo yake kwa kiasi kikubwa ni ya shahada ya kwanza, na ya uzamili imekuwa finyu na ya makundi maalumu. Kinyume chake, kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi tayari inakatwa.

Wengi hukimbilia mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara. Fanya hesabu kabla ya benki kukufanyia. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 900,000. Mchango wa mfuko wa pensheni, PSSSF, wa asilimia 5 ni 45,000. Bima ya afya ya asilimia 3 ni 27,000. Kodi ya mapato kwenye 855,000 zinazobaki baada ya PSSSF ni 91,750. Bodi ya Mikopo inachukua 135,000. Chama cha wafanyakazi kikikata asilimia 2 ni 18,000. Makato jumla ni 316,750, unabaki na 583,250. Utaratibu unataka usibakiwe na chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 300,000. Kwa hiyo rejesho la mkopo mpya haliwezi kuzidi 283,250 kwa mwezi, na hapo umebana kila kitu kwa miaka yote ya mkopo. Mtu mwenye familia Kigoma na chumba cha kupanga Dodoma hataishi kwa laki tatu.

Ada ichukue kwenye karatasi ya muundo wa ada ya chuo, ya mwaka unaoingia. Soma mpaka mstari wa mwisho, maana chini ya ada ya masomo kuna usajili, ada ya TCU, mitihani, kitambulisho, usimamizi wa tasnifu, na ada ya kuendelea kwa anayepitiliza muda. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowauma wengi, kwa sababu inalipwa kila muhula wa nyongeza.

Kisha weka fungu la utafiti pembeni tangu mwanzo, usiliguse. Mfano: wasaidizi wawili wa kukusanya taarifa kwa shilingi 30,000 kwa siku kwa siku 10 ni 600,000, bodaboda na gari la kwenda kata nne, 300,000, kuchapa, kunakili na kujalidi nakala za mwisho, 250,000. Hiyo ni 1,150,000 ambayo haimo kwenye karatasi ya ada. Viwango badilisha kulingana na sehemu, mafungu yabaki.

Ufadhili wa nje upo. Chevening ya Uingereza inalipia masta ya mwaka mmoja, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 (sawa na miaka miwili hivi), na inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Maombi hufunguliwa kuanzia Agosti kwa masomo ya mwaka unaofuata. Serikali za Korea Kusini na China nazo hufadhili watumishi wa umma kwenye fani za sera na utawala, na nafasi hizo kwa kawaida hupitia serikalini. Tatizo la Kigoma ni kwamba tangazo linaweza kufika halmashauri zikiwa zimebaki siku chache. Pasipoti na transkripti ziwe tayari kabla ya tangazo.

Darasani

Krediti moja kwenye mfumo wa TCU ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180. Hizo ni saa 1,800. Ukimaliza kwa miezi 18 ni kama saa 23 kwa wiki. Ukienda miaka miwili, saa 17. Anayebaki kazini apange saa mbili za alfajiri siku tano na siku moja nzima ya mwisho wa wiki, au asianze kabisa.

Masomo yenyewe hayatofautiani sana kati ya chuo na chuo: nadharia za utawala wa umma, uchambuzi wa sera, rasilimali watu, fedha za umma na bajeti, sheria ya utawala, serikali za mitaa, maadili, na mbinu za utafiti. Mtumishi wa halmashauri ana faida kubwa kwenye serikali za mitaa. Anajua kikao cha kamati ya fedha kinavyokwenda. Asichokijua mara nyingi ni historia na sheria: kwamba halmashauri zilifutwa mwaka 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 (namba 7 ya wilaya, namba 8 ya miji, namba 9 ya fedha), na kwamba ibara za 145 na 146 za Katiba ndizo zinazozibeba. Wahadhiri wanapenda jibu linaloanza kwenye sheria ndipo liende kwenye mfano wa kazini. Jibu lililojaa mifano ya ofisini bila nadharia hupata alama za huruma tu.

Kwa vyuo vingi alama ya kufaulu uzamili ni B. Ile C iliyokuvusha shahada ya kwanza hapa ni kurudia mtihani. Takwimu ndizo huwaangusha watu waliotoka fani za lugha na jamii, kwa hiyo wiki mbili kabla ya muhula rudia wastani, mchepuko wastani na uwiano, uje ukiwa hujapoteana.

Kufundishwa na kuandika ni kwa Kiingereza. Mtu anayeandika barua za kiofisi kwa Kiswahili siku nzima huhitaji mazoezi: andika ukurasa mmoja kila wiki kuhusu jambo ulilosoma, hata kama hakuna aliyeuomba.

Tasnifu, ambako watu hupotelea

Chagua mada kwenye muhula wa kwanza. Mada nzuri ina eneo moja, kundi moja la watu, na swali moja unaloweza kulijibu kwa taarifa unazoweza kuzipata. "Utawala bora na maendeleo Tanzania" si mada. Kigoma yenyewe imejaa mada ambazo mwanafunzi wa Dar es Salaam hawezi kuzifikia.

Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinataka igawiwe vikundi vya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 ukarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Swali "ni mambo gani ya kiutawala yanayoathiri urejeshaji wa mikopo ya vijana katika Halmashauri ya Mji Kasulu" linajibika: kuna orodha ya vikundi, kuna mikataba, kuna maafisa wa kuhoji, na taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinazowekwa hadharani kila mwaka zina sehemu ya serikali za mitaa.

Au chukua ufungaji wa uvuvi Ziwa Tanganyika, ulioanza katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Halmashauri ilitekelezaje amri inayotoka juu, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vilifanya nini, mapato ya mialo yalishukaje? Usambazaji wa miche ya michikichi ni mada nyingine. Kwa Tabora, usimamizi wa misitu ya vijiji na ushuru wa tumbaku vina kina cha kutosha.

Mada za kambi za wakimbizi zinavutia, lakini kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kibali hicho kina mwendo wake. Kama una miezi 18 tu, chunguza vijiji vinavyozunguka kambi.

Mlolongo wa vibali vya kawaida ni huu: chuo kinakupa barua ya utafiti, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi, Mkurugenzi anaandika kwa watendaji wa kata. Tembea na nakala kumi. Kuwa mtumishi wa halmashauri hiyohiyo hakukuondolei kibali. Kunaongeza hata shaka, kwa kuwa unaowahoji wanakujua na watakujibu wanavyodhani unataka kusikia. Ikiwezekana, fanyia utafiti halmashauri ya jirani.

Ukubwa wa sampuli: fomula inayotumiwa sana ni ya Yamane, idadi yote kugawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Kama watumishi ni 400 na kosa ni 0.05, unapata 400 kugawa kwa (1 + 400 × 0.0025), yaani 200. Kwa kosa la 0.1 unapata 80. Usichague 0.1 kwa uvivu tu. Kwenye utetezi utaulizwa. Ongeza asilimia 10 ya madodoso kwa ajili ya yasiyorudi, na jaribu dodoso kwa watu 20 kwenye kata ambayo haimo kwenye utafiti. Mahojiano ya kina na watu 12 hadi 15 mara nyingi yanakupa maelezo ambayo takwimu hazina.

Dodoso liandikwe kwa Kiingereza kwa ajili ya chuo, litafsiriwe Kiswahili kwa ajili ya watu, kisha mtu mwingine asiyeiona nakala ya kwanza alirudishe kwenye Kiingereza. Mahali yanapopishana ndipo swali lina kasoro. Vijijini Buhigwe na Kakonko wazee wengi watajieleza vizuri zaidi kwa Kiha, kwa hiyo msaidizi wako awe mtu wa huko. Kukusanya kwa simu kupitia KoboToolbox kunafaa, kwa sababu fomu hujazwa bila mtandao na kutumwa ukifika mjini. Beba betri ya akiba.

Na msimamizi. Huyu hakutafuti. Mpelekee sura moja moja, si tasnifu nzima, kwa barua pepe yenye maswali mawili au matatu mahususi: "Naomba uangalie kama malengo yanaendana na maswali ya utafiti" inajibiwa haraka kuliko "Mwalimu, naomba upitie". Baada ya wiki mbili za kimya, mkumbushe kwa heshima. Baada ya wiki sita, mwandikie mratibu wa uzamili wa idara. Si utovu wa adabu, ni utaratibu, na ada ya kuendelea inalipwa na wewe, si na yeye.

Andika sura ya pili kwa maneno yako tangu rasimu ya kwanza. Programu za kupima kunakili hupitishwa kabla ya kuwasilisha, na kila chuo kina kikomo chake. Anayenakili kwanza akipanga "kubadilisha baadaye" hujikuta anaandika upya sura nzima wiki ya mwisho. Weka marejeo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, siku unapoyasoma.

Vyuo vingine vinataka utoe taarifa ya nia ya kuwasilisha miezi mitatu kabla. Baada ya hapo kuna mtahini wa ndani, mtahini wa nje, utetezi na masahihisho. Masahihisho yajibu kwa jedwali: safu ya maoni ya mtahini, safu ya ulichofanya, safu ya ukurasa. Jedwali hilo humrahisishia anayehakiki kazi yake, na nakala zinazojalidiwa zinapita.

Matokeo yakishapitishwa na seneti, omba transkripti mara moja bila kusubiri mahafali. Ripoti kazini kwa barua ndani ya tarehe iliyoandikwa kwenye ruhusa yako, peleka nakala ya cheti iliyothibitishwa kwa Afisa Utumishi, na baada ya mwezi mmoja rudi uhakikishe taarifa zako kwenye mfumo wa watumishi zimebadilishwa. Faili lisilo na cheti halihesabiwi siku nafasi inapotokea.